Simu ya Mkononi na Mashine ya Sebuleni: Habari za Michezo ya Kompyuta Nchini Japani, 1980–2025

Swali la kama simu ya mkononi itaiondoa mashine ya michezo ya nyumbani limeulizwa mara nyingi tangu mwaka 2008, na aghalabu limejibiwa kwa haraka. Wako waliosema ya kuwa kifaa kinachofanya kazi zote hakina budi kukiua kifaa kinachofanya kazi moja tu, kama simu ilivyowafanya watu wengi waache kununua saa za kengele. Wako pia waliosema ya kuwa kioo cha kiganjani hakiwezi kamwe kushindana na televisheni. Majibu haya mawili yapingana, lakini yana kasoro moja: yote yapima nguvu za mitambo, wala hayatazami mambo yalivyokwenda. Nchi ambayo habari zake yafaa zitazamwe kwanza ni Japani. Huko ndiko mashine ya nyumbani ilikopata umbo inalojulikana nalo, huko ndiko mashine ya mfukoni ilikokomaa, na huko ndiko simu ilikouza michezo mapema kuliko katika nchi nyingi. Tena mambo hayo yote yaligusa kampuni moja, Nintendo ya mji wa Kyoto, ambayo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata.

Maneno yafafanuliwe kwanza, maana kuyachanganya ndiko kulikowapoteza wengi. Mashine ya nyumbani ni ile iungwayo na televisheni na kuchezwa kwa pedi zishikwazo mikononi. Mashine ya mfukoni ni ile yenye kioo chake yenyewe, iliyotengenezwa kwa michezo tu, na mtu huweza kwenda nayo atakako. Simu janja ni kifaa cha mawasiliano ambacho ndani yake michezo ni mpangaji, wala si mwenye nyumba. Mtu akiuliza kama simu imeziondoa mashine za michezo bila ya kusema ni zipi, hatapata jibu lolote la maana.

Mashine ya nyumbani ya Nintendo ilitolewa tarehe 15 Julai 1983, na bei yake ilikuwa yen 14,800. Jina lake lilikuwa Family Computer, yaani kompyuta ya watu wa nyumba moja. Wajapani wana desturi ya kuyakata maneno ya kigeni na kuviunga vipande vyake vya mbele, nao wakaiita Famikon. Jina hilo halikuwa pambo. Mashine yenyewe ilikuwa na pedi mbili zilizofungwa humo humo kwa nyaya, hata mnunuzi asingeweza kununua moja bila ya pili. Aliyeiunda alichukulia ya kuwa pale penye mchezaji mmoja patakuwapo na wa pili karibu naye, na wote wawili wameelekea kioo kimoja. Mashine ilikuwa na mahali pake, karibu na televisheni ya nyumba. Na kwa kuwa televisheni ilikuwa ya wote, mtoto aliyetaka kucheza ilimpasa kupatana na ndugu zake na wazee wake juu ya zamu.

Mashine ya mfukoni ilizaliwa katika hali nyingine kabisa. Fundi wa Nintendo aliyeitwa Gunpei Yokoi ndiye aliyebuni vile vidude vya Game & Watch vilivyotolewa mwaka 1980. Husimuliwa ya kuwa wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria akijipotezea wakati kwa kubonyeza-bonyeza mashine ya hesabu. Vioo vya mashine za hesabu vilikuwa vimekwisha kuwa rahisi, na Yokoi akavitumia kwa michezo. Basi tangu mwanzo mashine ya mfukoni haikuwa mali ya nyumba. Ilikuwa ya njiani, ya kungojea, na ya mtu mmoja.

Mwaka 1989 wazo hilo hilo lilizaa Game Boy, iliyouzwa kwa yen 12,500. Kioo chake hakikuwa na rangi, wala hakikuwa na taa. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na nguvu zaidi, lakini walikula betri upesi mno. Game Boy ndiyo iliyoshinda. Pamoja na ile ya rangi iliyoifuata, ziliuzwa karibu milioni 119. Jambo hili yafaa likumbukwe na kila atakaye kutabiri mambo ya michezo: kifaa kilichoshinda kilikuwa dhaifu kuliko wenzake, lakini kilifaa mahali pake. Aliyesafiri alitaka betri idumu. Rangi zingeweza kumngoja nyumbani.

Kwa upande wa simu, mchezo wa kwanza kujulikana duniani kote haukutoka Japani bali Finland. Nokia ilitia mchezo wa nyoka katika simu yake ya 6110 mwaka 1997, na ndugu wa nyoka huyo akafika Afrika ya Mashariki katika simu za bei nafuu kama Nokia 1100 ya mwaka 2003. Kwa watu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, nyoka huyo ndiye aliyekuwa mchezo wa kwanza wa elektroniki kuushika mkononi mwao wenyewe. Hakununuliwa, alikuja na simu. Hapo palikuwa tayari na tofauti iliyokuja kuwa kubwa: mchezo wa simu ulimfikia mtu ambaye hakuutafuta.

Nchini Japani kampuni ya Docomo ilianzisha huduma ya i-mode mwezi Februari 1999, na kuanzia mwaka 2001 simu zake ziliweza kupakua programu ndogo ndogo, zikiwamo za michezo. Simu hizo Wajapani waliziita keitai, neno lenye maana ya kuchukua kitu pamoja nawe. Kiswahili kilipoitaja simu ya namna hiyo kilitazama mkono unaoishika, na Kijapani kilitazama mwendo wa mwenye nayo. Watu waliipa michezo ya keitai ada ndogo za kila mwezi, wakaicheza katika treni. Hata hivyo haikuziua mashine za mfukoni. Nintendo DS, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2004 ikiwa na kioo cha kuguswa, iliuzwa milioni 154 duniani, na Japani ilikuwa miongoni mwa masoko yake makubwa. Katika miaka hiyo abiria mmoja aliweza kuwa na keitai mfuko wa kulia na DS mfuko wa kushoto, na hakuona ya kuwa kimoja chazidi.

Mambo yaligeuka baada ya mwezi Julai 2008, Apple ilipofungua duka lake la programu na iPhone ikaanza kuuzwa Japani katika wiki hiyo hiyo. Sasa kioo cha simu kilikuwa kipana, kikaguswa kwa kidole kama kile cha DS, na mtu yeyote mwenye ujuzi, hata akiwa peke yake chumbani mwake, aliweza kutengeneza mchezo na kuuweka dukani. Michezo ilijaa kama mchanga, na bei zikashuka hata dola moja, kisha hata bure.

Nintendo ilitoa mashine yake mpya ya mfukoni, 3DS, tarehe 26 Februari 2011 kwa yen 25,000. Haikupita nusu mwaka ila bei ikashushwa mpaka yen 15,000, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikatia nusu ya mshahara. Mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2012 kampuni ilipata hasara, jambo ambalo waliozoea faida zake hawakulitazamia. Mwezi Machi 2011 Iwata alikuwa amewahutubia watengenezaji wa michezo huko San Francisco, akatoa hoja ambayo haijachakaa. Alieleza ya kuwa wenye maduka ya simu hawaishi kwa michezo. Wao wataka programu ziwe nyingi, na thamani ya kila moja si shughuli yao. Mwenye mashine ya michezo, kinyume chake, huiuza mashine kwa faida ndogo akitumaini kupata riziki katika kaseti. Mchezo ukipoteza thamani naye amepotea.

Wakati huo ilionekana ya kuwa hoja hiyo ni kilio cha mwenye duka linalofungwa. Mwezi Februari 2012 kampuni ya GungHo ilitoa mchezo wa simu ulioitwa Puzzle & Dragons, na mwezi Mei 2013, kwa muda mfupi, thamani ya hisa za GungHo iliipita Nintendo yenyewe. Mashine ya mfukoni ya Sony, PlayStation Vita, ambayo ilitoka Desemba 2011, ilidhoofika hata ikaachwa kutengenezwa mwaka 2019 bila ya mrithi. 3DS ilijitahidi ikafika karibu milioni 76, yaani nusu tu ya DS, na mwaka 2020 ikakoma. Hapo swali la mashine ya mfukoni lilikwisha kujibiwa: simu iliiondoa. Iliiondoa kwa kuwa zote mbili zilidai mahali pamoja, yaani mfuko, na wakati mmoja, yaani ule wa safari na wa kungojea. Penye mfuko mmoja, kifaa ambacho mtu hawezi kutoka bila nacho ndicho kinachobaki.

Lakini je, mashine ya nyumbani? Anayeutafuta ushahidi wa kifo chake huitaja Wii U. Wii ya mwaka 2006 iliuzwa zaidi ya milioni 101. Wii U iliyoifuata mwaka 2012 iliishia milioni 13 na nusu. Ushahidi huu wahitaji kupimwa. Wii iliwavuta wazee na watu ambao hawakuwa na mazoea ya kucheza, na hao ndio simu iliowachukua, kwa kuwa walichotaka ni mchezo wa dakika chache, na simu wanayo. Walakini katika miaka hiyo hiyo Sony iliuza PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, zaidi ya milioni 117. Kama simu ndiyo iliyoiua Wii U, yapasa ielezwe kwa nini haikumgusa jirani yake aliyekaa chini ya televisheni ile ile. Kilichotoweka sebuleni ni sehemu moja ya wachezaji. Sebule yenyewe ilibaki.

Nintendo nayo haikusimama kando kwa kiburi. Mwezi Machi 2015 ilipatana na kampuni ya DeNA kutengeneza michezo ya simu, na Iwata akafariki Julai mwaka huo kabla ya kuona matunda yake. Julai 2016 kampuni ya Niantic ilitoa Pokémon GO, na watu wa miji mingi duniani wakaonekana mabarabarani wakitafuta viumbe kwa simu zao. Desemba mwaka huo Nintendo ilitoa Super Mario Run kwa iPhone, mchezo ambao mtu aliujaribu bure kisha akalipa mara moja tu, dola 10 kasoro senti moja. Ulipakuliwa na watu wengi mno, lakini waliolipa walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa. Miezi miwili baadaye ilitoa Fire Emblem Heroes, mchezo wa bure unaompa mchezaji nafasi ya kununua bahati ndani yake, nao ukaleta fedha nyingi zaidi. Mario, anayejulikana na karibu kila mtoto, alishindwa na mwenzake asiye na umaarufu wa nusu yake, kwa sababu ya namna ya kulipa tu.

Namna hiyo ya kulipa ina jina la Kijapani, gacha. Neno limetokana na tanakali sauti. Madukani Japani mna masanduku yenye vifaa vya kuchezea vilivyofungwa ndani ya vibonge. Mtoto hutia sarafu, huzungusha mkono wa sanduku, na mlio wa kuzungusha huko ndio gacha. Hawezi kuchagua, hupokea kilichoanguka. Desturi hii ya sarafu ndogo ilipohamia katika simu haikuwa na kikomo tena, kwa sababu sanduku la dukani huisha vitu na mfuko wa mtoto huisha sarafu, lakini sanduku la simu halimaliziki na fedha zake zatoka katika akaunti ya mzazi. Mwezi Mei 2012 serikali ya Japani, kwa mkono wa idara yake ya kuwalinda wanunuzi, ilitangaza ya kuwa namna moja ya gacha, ile inayomtaka mchezaji akusanye seti nzima ili apewe zawadi adimu, yavunja sheria, na kampuni zikaiacha. Namna nyingine zikaendelea.

Tarehe 3 Machi 2017 Nintendo ilitoa mashine ya Switch. Mchezaji huiweka katika kitako chake ikatokea kwenye televisheni. Huichomoa akaondoka nayo, nayo ikawa mashine ya mfukoni. Pedi zake mbili huchomoka ubavuni, na mmoja aweza kumpa mwenziwe moja wakacheza pamoja popote, hata juu ya meza ya mkahawa. Pedi mbili za mwaka 1983 zilirudi, safari hii bila nyaya. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150, na Switch 2 ilipotoka tarehe 5 Juni 2025 ziliuzwa zaidi ya milioni 3 na nusu katika siku nne. Yafaa kuonyeshwa, hata hivyo, ya kuwa moyo wa Switch ya kwanza ni kipande cha elektroniki cha jamii ile ile itumikayo katika simu na vibao vya kuguswa. Basi aliyesema ya kuwa mashine ya nyumbani iliishinda simu hakusema kweli yote: ilikopa mwili wa simu, ikaimeza mashine ya mfukoni, ikabaki na televisheni.

Mfano wa China wathibitisha jambo hili kwa upande wa pili. Serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mashine za michezo za nyumbani mwaka 2000, na ilianza kulegeza amri hiyo mwaka 2014. Kizazi kizima kilikua bila ya mashine sebuleni, kikacheza katika mikahawa ya kompyuta, kisha katika simu. Mchezo wa Honor of Kings wa Tencent, uliotoka mwaka 2015, ulienea katika simu za nchi nzima. Huko simu ilikalia kiti kilichokuwa kitupu. Ilikuwa sheria, wala si ubora wa simu, iliyokiacha kitupu hivyo. Na watengenezaji wa China walipotaka kuuza ng'ambo hawakuzidharau mashine: Genshin Impact, mchezo wa mwaka 2020, ulitolewa siku moja kwa simu, kwa kompyuta na kwa PlayStation 4.

Afrika ya Mashariki nayo ina ushahidi wake mdogo. Katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi yako mabanda yenye televisheni na PlayStation, ambamo vijana hulipa kwa mechi moja ya mpira au kwa muda wa saa. Mashine hapo si ya nyumbani tena. Imekuwa ya baraza, kama bao. Wengi waingiao humo wana simu janja mfukoni zenye michezo ya mpira iliyo ya bure. Wangeweza kukaa kwao. Walilipia bega la mwenzao, kelele za watazamaji, na haki ya anayeshinda kubaki na pedi. Huduma hiyo simu haijaweza kuitoa, kwa sababu kioo chake kimeumbwa kwa macho mawili.

Yabaki jambo moja ambalo watabiri hawakulitia maanani, nalo ni uhai wa michezo yenyewe. Mwezi Desemba 2010 kampuni ya Epic ilitoa katika iPhone mchezo wa Infinity Blade, ambao kabla ya hapo ulionyeshwa jukwaani na Apple kuwa mfano wa mambo simu iwezayo. Mwezi Desemba 2018 mchezo huo uliondolewa dukani, na asiyekuwa ameununua hawezi kuununua tena. Septemba 2017, Apple ilipobadilisha mfumo wa simu zake, programu za zamani ambazo waundaji wake hawakuzirekebisha ziliacha kufunguka katika simu zilizopokea mfumo mpya. Kaseti ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ikitiwa katika Famikon nzima, yacheza kama ilivyocheza siku ya kwanza. Mwanahistoria wa michezo aweza kuishika, kuichunguza, na kumwonyesha mwanafunzi wake. Kwa michezo mingi ya simu atabaki na picha na masimulizi, kama mtu achunguzaye ngoma ambayo wachezaji wake wamekwisha kufa.

Lakini mashine ya nyumbani nayo yaanza kujifunza tabia hiyo. Duka la 3DS katika intaneti lilifungwa tarehe 27 Machi 2023. Baadhi ya kadi za michezo ya Switch 2 hazina mchezo ndani yake. Zina ufunguo tu wa kuupakua kutoka katika intaneti. Michezo ya bure yenye kununua bahati sasa imo katika PlayStation kama ilivyo katika simu. Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni lina pande mbili. Kwa kuangalia vifaa, simu iliiondoa mashine ya mfukoni na haikuiondoa mashine ya nyumbani, na miaka 17 tangu mwaka 2008 yatosha kulithibitisha hilo. Kwa kuangalia desturi, simu yaendelea kuingia sebuleni bila ya kubisha hodi: mashine imebaki chini ya televisheni, lakini namna ya kulipa, na namna ya kumiliki kisichoshikika, vimetoka katika simu.

Wazazi, waalimu na watunga sheria wanaoshughulika kuuliza ni kifaa gani kitakachoshinda wangefaidi zaidi kuuliza mambo mawili: mtoto analipa mara ngapi, na baada ya kulipa amebaki na nini mkononi. Mwaka 1983 majibu yalikuwa mepesi, kwani alilipa mara moja akabaki na kaseti. Japani, iliyoyaona mageuzi haya mapema, ilitunga kanuni moja mwaka 2012 baada ya watoto wengi kukwisha kutumia fedha nyingi. Nchi ambazo michezo hii yaingia sasa kwa wingi, na malipo yake kupitia simu hiyo hiyo iliyobeba fedha za nyumba, zina nafasi ya kutunga zao mapema zaidi.